Tupime Sabuni Mtoni, Si Mtamboni Tu

Taarifa nyingi za ubora wa maji katika miji yetu huanzia mahali pamoja: pale majitaka yanapotoka kwenye mtambo au kwenye bwawa la mwisho na kuingia mtoni. Hapo ndipo sampuli huchotwa, hapo ndipo mkaguzi husimama, na hapo ndipo mwendeshaji hutakiwa kuonyesha kwamba BOD yake, yaani oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kuozesha uchafu uliomo, haijavuka miligramu 30 kwa lita. Kwa uchafu wa aina nyingi utaratibu huo una mantiki. Kwa kemikali za sabuni unatuonyesha kinyume cha hali halisi, maana sabuni iliyofika mtamboni ndiyo isiyo na hatari kubwa. Ya kutukosesha usingizi ni ile ambayo haikufika.

Nayasema haya nikiutazama mto Msimbazi. Unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza Dar es Salaam kupitia mabonde ya Vingunguti, Kigogo na Jangwani, halafu unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Kandokando yake kuna nyumba nyingi mno, na ni sehemu ndogo tu ya jiji iliyounganishwa na mabomba ya majitaka. Zilizobaki zinatumia mashimo na matangi ya chini. Lakini hata hayo mashimo hayapokei maji ya kufulia. Kila mwenye nyumba anajua kwamba akielekeza maji ya beseni shimoni, shimo litajaa upesi na gari la kunyonya halifanyi kazi bure. Basi maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo humwagwa uani au mtaroni, na mtaro unajua njia ya kwenda bondeni. Kwa hiyo kinyesi kikikaa shimoni miezi au miaka, sabuni inaingia mtoni siku ile ile iliyotumika.

Tuanze na sabuni yenyewe, maana kila kipimo nitakachokieleza kinategemea kilichomo ndani yake. Mtengenezaji wa sabuni ya maji wa mtaani, awe Mbagala au Kimara, hununua vitu vinavyojulikana: salfoniki, slesi, soda ashi, chumvi, rangi na manukato. Salfoniki ni kimiminika kizito cha rangi ya kahawia, kina harufu inayopanda puani na kinachoma mkono usio na glavu. Anakimimina kwenye pipa la maji na kukoroga kwa mti akizungusha upande mmoja, kisha anaongeza soda ashi iliyoyeyushwa, kidogo kidogo, hadi ukali wa tindikali umalizike. Slesi inafuata. Mwisho huja chumvi, ambayo ndiyo inayoufanya mchanganyiko uwe mzito. Ikizidi, sabuni inarudi kuwa nyepesi kama maji na kazi imeharibika. Pipa linalala usiku mmoja ili povu litulie, na asubuhi chupa za maji zilizotumika zinajazwa na kupelekwa dukani.

Ile salfoniki ni tindikali ya kemikali ambayo wanakemia wanaiita kwa kifupi LAS. Ikikutana na soda inageuka chumvi yake, nayo ndiyo hiyo hiyo inayobeba kazi katika sabuni nyingi za unga zinazotoka viwandani. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa kaboni, kwa kawaida 10 hadi 13, unaopenda mafuta. Mkia hushika uchafu wa nguo, kichwa huuvuta kwenda majini. Sabuni ya mche ni kitu kingine kabisa: hiyo hutokana na mafuta ya mawese au nazi yaliyopikwa na kostiki soda, hugandamana na chokaa iliyomo majini, na bakteria huila bila taabu. Mama aliyekuwa akifulia mche mtoni miaka ya zamani hakuwa akifanya kitu kile kile anachofanya mjukuu wake leo kwa sabuni ya unga.

LAS yenyewe ilizaliwa kutokana na kosa la kizazi kilichotangulia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Procter & Gamble ilipoingiza Tide katika soko la Marekani mwaka 1946, sabuni za kutengenezwa kutokana na petroli zilienea kwa kasi. Kemikali iliyotawala baadaye ilikuwa na mkia wenye matawi. Ilisafisha vizuri na ilikuwa rahisi, ila bakteria hawakuweza kuumega mkia ule, kwa sababu matawi yanaziba njia ya vimeng'enya vyao. Ilipita mitamboni karibu nzima nzima. Kufikia miaka ya 1950 mitambo ya majitaka ya Uingereza ilikuwa imefunikwa na povu, na katika kiangazi kikavu cha 1959 mito ya Ujerumani ilibeba povu lililolundikana kwenye malango ya maji na kupeperushwa na upepo hadi barabarani. Waingereza waliunda kamati ya kitaalamu ya kudumu mwaka 1957, na wakafanya jaribio ninalolipenda sana kwa unyofu wake: maduka ya mji wa Luton na viunga vyake yalipelekewa sabuni zenye kemikali mpya ya mkia mnyoofu, halafu wataalamu wakapima kilichotoka katika mtambo wa mji huo. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 1961, na kuanzia Oktoba 1964 kemikali za aina hiyo zilitakiwa kuoza kwa asilimia 80 au zaidi. Viwanda vya Marekani vilihamia LAS katikati ya mwaka 1965. Povu likapungua mitoni ndani ya muda mfupi.

Hayo ni mafanikio, na nayaheshimu. Ila tukiyachukua jinsi yalivyo tunasahau kwamba yalitimia kwa mambo mawili yaliyoshikana. Kemikali ilibadilishwa, ndiyo, lakini mitambo ilikuwapo tayari, ina hewa inayopulizwa ndani yake usiku na mchana, na maji ya kufulia ya mji mzima yalikuwa yakiingia humo kwa bomba. Sisi tumeipokea kemikali iliyobadilishwa. Mabomba na hewa bado.

Na hewa ndiyo kila kitu hapa. Bakteria anayeila LAS huanza kwenye ncha ya mkia, anaichoma kwa oksijeni, halafu anaumega mkia kaboni mbili mbili hadi anapofikia pete ya benzini na kuivunja. Hatua ile ya kwanza inahitaji oksijeni. Penye oksijeni ya kutosha na bakteria waliozoea, kazi hiyo huchukua saa chache, na ndiyo maana mtambo wa tope hai, ule unaopulizwa hewa, huondoa zaidi ya asilimia 98 ya LAS iliyoingia. Pasipo na oksijeni bakteria hana pa kuanzia. LAS inabaki ilivyo, inang'ang'ania kwenye tope, na inalundikana. Katika tope lililoozeshwa kwenye matangi yasiyo na hewa barani Ulaya, LAS hupatikana kwa gramu kadhaa katika kila kilo ya tope kavu, mpaka Denmark ikaweka ukomo wa miligramu 1,300 kwa kilo kwa tope linalopelekwa mashambani. Tope hilo likitandazwa kwenye udongo unaopitisha hewa, LAS huoza ndani ya wiki chache, kwa hiyo sina wasiwasi mkubwa na mashamba. Nilitaka tu tuone kwamba molekuli ile ile, katika mji ule ule, inaweza kuisha kabla ya jioni au kukaa miezi, na kinachoamua ni oksijeni peke yake.

Maneno "inaoza kwa urahisi" kwenye pakiti ya sabuni yametokana na jaribio la maabara. Kemikali inatiwa katika maji yaliyojaa hewa pamoja na bakteria kutoka mtamboni, na ikioza kwa asilimia 60 hadi kubaki kaboni dioksidi na maji ndani ya siku 28, imefaulu. Hicho ndicho kigezo cha kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, na ni kigezo kizuri. Hakituambii lolote kuhusu mtaro wa Vingunguti. Mtu akisimama kwenye daraja wakati wa kiangazi, akaona maji meusi na kusikia harufu ya yai viza, anachosikia ni gesi ya salfa ambayo haiwezi kudumu majini penye oksijeni. Pua imekwishampa jibu la kipimo cha kwanza. Katika maji ya namna hiyo sabuni iliyomwagwa asubuhi inasafiri kuelekea baharini bila wa kuigusa.

Madhara yake kwa viumbe yanajulikana vya kutosha. LAS huharibu mashavu ya samaki, utando ule mwembamba wa kuvutia hewa, na wataalamu wa sekta ya sabuni wenyewe, walipofanya tathmini ya Ulaya, walikadiria kwamba hadi miligramu 0.27 kwa lita mto hautegemewi kudhurika. Majitaka ghafi ya nyumbani hubeba miligramu kadhaa kwa lita, na zinaweza kupita 10. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili ndilo mtambo mzuri unaloliziba, na ndilo mtaro unaloliacha wazi.

Sasa tuje kwenye upimaji. Watu wengi, hata viongozi, hupima kwa macho: wakiona povu wanasema sabuni, wasipoliona wanasema salama. Povu hutokea pale maji yanapoporomoka na kuchanganyika na hewa, chini ya kalavati au kizingiti, na protini hulitoa vilevile. Damu na maji ya kuoshea machinjio hutoa povu zito bila tone la sabuni. Upande wa pili, maji yanayotambaa polepole kwenye bonde tambarare yanaweza kubeba LAS nyingi na uso wake ukawa shwari.

Maabara zetu nyingi zinaweza kufanya kipimo cha methilini buluu, na inafaa msomaji akijue kwa karibu, kwa kuwa tarakimu nyingi za sabuni anazozisoma magazetini zimetokana nacho. Sampuli hutiwa kwenye faneli ya kutenganishia, ile ya kioo yenye umbo la peasi na koki chini. Unaongeza rangi ya methilini buluu, halafu klorofomu, unafunga na kutikisa, huku ukifungua koki mara kwa mara kutoa mvuke. Rangi hiyo ina chaji chanya na LAS ina chaji hasi, kwa hiyo zinashikana. Rangi ikiwa peke yake haikai kwenye klorofomu, hubaki juu kwenye maji. Ikishikana na LAS, jozi yao inashuka kwenye klorofomu, ambayo ni nzito na hutulia chini. Basi ukisimamisha faneli na kusubiri, tabaka la chini lililokuwa angavu linageuka buluu mbele ya macho yako, na kadiri sabuni ilivyo nyingi ndivyo buluu inavyokolea. Unalitoa lile tabaka kwa koki, unaliosha ili kuondoa rangi iliyong'ang'ania bila haki, na unalipima kwa spektrofotomita kwenye nanomita 650 au 652.

Ni kipimo chepesi na kilichotumika dunia nzima tangu miaka ya 1950. Lakini hakisomi jina la kemikali; kinasoma chaji na tabia ya kupenda mafuta. Chochote chenye chaji hasi kinachoweza kuiburuta ile rangi hadi kwenye klorofomu kitahesabiwa kuwa sabuni: baadhi ya tindikali za majani yaliyooza, nitrati nyingi, na chumvi ya kawaida. Hapo ndipo Msimbazi unapokuwa mtihani. Sehemu yake ya chini hupanda na kushuka na bahari, na sampuli iliyochotwa Salenda maji yakiwa yamejaa ina kloridi ya kutosha kuongeza usomaji bila sabuni kuongezeka. Kuna utaratibu wa kuosha mara mbili unaopunguza kosa hilo, na maabara inayopima mito ya pwani haina budi kuutumia. Kwa upande mwingine, vilainishi vya nguo vina chaji chanya, vinaikamata LAS kabla ya rangi kufika, na usomaji unashuka. Sabuni ya mche haionekani kabisa katika kipimo hiki. Sabuni zisizo na chaji, zinazotumika sana viwandani, nazo hazionekani.

Kabla ya faneli kuna chupa, na makosa mengi hufanyika huko. Chupa ya sampuli iliyooshwa kwa sabuni imekwishaharibu majibu. LAS hupenda kukaa usoni mwa maji na kwenye kuta za chombo, kwa hiyo anayechota povu amejikusanyia LAS iliyolundikana, na anayemimina nusu ya sampuli kwenye chupa nyingine ameacha sehemu ya jibu ukutani. Kubwa kuliko yote ni joto. Nimesema bakteria huimaliza LAS kwa saa chache penye hewa. Chupa iliyochotwa saa nne asubuhi, ikatikisika kwenye gari lenye joto hadi saa kumi jioni, inafika maabara ikiwa imekwishajisafisha yenyewe. Sampuli itiwe kwenye barafu papo hapo, au itiwe fomalini, na ipimwe upesi. Bila hivyo tunapeleka maabara maji ya mto mwingine.

Kwa sababu hizo pendekezo langu ni kwamba methilini buluu itumike kwa wingi kama kichujio, na katika kila kundi la sampuli chache zipelekwe kwenye kromatografia, mashine inayotenganisha LAS mkia kwa mkia na kuipima kwa jina lake. Uwiano kati ya majibu hayo mawili, ukishajulikana kwa mto fulani na msimu fulani, unatuwezesha kuziamini zile tarakimu za bei nafuu. Kromatografia pia itajibu swali ambalo methilini buluu haiwezi: je, salfoniki iliyomo mapipani mwa watengenezaji wetu ni ya mkia mnyoofu kweli? Ile ya matawi bado hutengenezwa duniani kwa kazi nyingine, kama vile kuchanganyia viuatilifu vya mashambani. Katika faneli, aina zote mbili hutoa buluu ile ile.

Kuhusu zile sabuni zisizo na chaji, yako mafunzo kutoka mto Aire, Yorkshire, Uingereza, ambayo kila mwenye kiwanda cha nguo anapaswa kuyajua. Viwanda vya sufu vya eneo hilo vilikuwa vikisafishia manyoya kwa kemikali za jamii ya nonilifenoli. Mtamboni kemikali hizo zilionekana kuondoka: ukipima ile iliyoingia, haipo. Kumbe bakteria walikuwa wameukata mkia tu, na kilichobaki, nonilifenoli yenyewe, kilikuwa kigumu kuoza kuliko mzazi wake na kinaiga homoni ya kike. Walter Giger na wenzake wa Uswisi walikuwa wamekwishaonyesha mwaka 1984 jinsi inavyolundikana kwenye tope la majitaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 John Sumpter na Susan Jobling wa Chuo Kikuu cha Brunel walionyesha kwamba inaamsha seli za ini la samaki dume zitengeneze protini ya kiini cha yai, kitu ambacho dume hana kazi nacho. Katika mito mingi ya Uingereza ilikuja kubainika kwamba wahusika wakuu ni homoni za binadamu zenyewe zipitazo kwenye mkojo, lakini Aire ulikuwa wa viwanda. Viwanda vilipobadilisha kemikali, athari ile mtoni ikapungua. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi hayo kuanzia 2005, na kuanzia Februari 2021 hata nguo zinazoingizwa na ambazo zitafuliwa zina ukomo wake.

Ninachokishika katika kisa hicho ni namna ya kuuliza. Wapimaji wa Aire wangeridhika na kutoweka kwa kemikali iliyoingia, wangesema mtambo unafanya kazi. Walipouliza imegeuka nini, ndipo mto ukaeleweka. Mahali penye viwanda vya nguo na mafundi wa batiki wanaosuuza kando ya mto, nonilifenoli inastahili kupimwa kwenye tope na mashapo walau mara moja kwa mwaka, hata kama sampuli italazimika kusafirishwa kwenda maabara ya mbali.

Fosfati nazipita haraka. Ni kweli sabuni zilizojaa fosfati zilichangia kuzirutubisha kupita kiasi ziwa Erie na Biwa, na mkoa wa Shiga nchini Japani ulipiga marufuku uuzaji wa sabuni za fosfati kwa amri ya mwaka 1979 baada ya akina mama wa pale kuongoza kampeni. Kwetu, fosforasi inayoingia Ziwa Victoria hutoka zaidi kwenye udongo unaomomonyoka na vumbi na moshi unaoangukia ziwani. Sabuni ina sehemu yake, lakini si mlango wa kuanzia.

Mashapo, hata hivyo, nataka kukaa nayo kidogo. Salfoniki inapotengenezwa kiwandani, sehemu ndogo ya mafuta yanayotumika, alkilibenzini, hubaki bila kugeuzwa. Mabaki hayo husafiri ndani ya sabuni hadi mtoni, na kwa kuwa hayayeyuki majini, hushika kwenye chembe za matope na kutulia chini. Robert Eganhouse na wenzake, wakichunguza pwani ya California, walionyesha mwaka 1983 kwamba yanaweza kutumika kama alama ya majitaka ya nyumbani, kwa kuwa hayana chanzo kingine cha maana katika mazingira. Hideshige Takada na Ryoshi Ishiwatari wa Japani wakaongeza jambo muhimu zaidi. Alkilibenzini ziko za aina nyingi kulingana na mahali pete ilipoungana na mkia. Iliyoungana karibu na ncha huoza haraka, iliyoungana katikati hukawia. Kwa hiyo uwiano kati ya za katikati na za ncha ni kumbukumbu ya usafishaji: katika majitaka ghafi uko karibu na 1 au chini yake, na katika majitaka yaliyopita kwenye hatua ya pili ya usafishaji hupanda kuvuka 2. Kijiko cha tope kutoka kwenye mikoko ya mdomo wa Msimbazi kinaweza kutuambia kama sabuni iliyofika pale ilipita mtamboni au ilitoka mtaroni moja kwa moja, na jibu hilo linajumlisha miezi, si saa moja ya mchotaji. Sijui kipimo kingine kinachojibu swali la safu hii kwa unyofu namna hiyo.

Kwa maji yanayotiririka, muda na ujazo ndivyo vinavyoamua. Nyumba nyingi za mjini hufua Jumamosi na Jumapili asubuhi. Mchotaji anayefika Jumanne saa sita, kwa sababu ndiyo siku ambayo gari lipo, amepima mto uliopumzika. Vilevile tarakimu ya miligramu kwa lita bila ujazo wa mto inapotosha: mvua za masika zikinyesha, LAS kwa lita inashuka ingawa kila nyumba imefua kama jana, na baadhi ya taarifa zitasema hali imeboreka. Tuchukue mfano wa kubuni. Mto unapitisha lita 500 kwa sekunde, na LAS ni miligramu 2 kwa lita. Hiyo ni gramu moja kila sekunde, na ikiendelea hivyo mchana kutwa na usiku kucha inakuwa kilo 86 kwa siku. Katika Ulaya Magharibi mtu mmoja hutumia takriban gramu 2 hadi 3 za LAS kwa siku. Tukiazima gramu 2.5 kwa muda, kilo 86 ni sabuni ya watu wapatao 34,000. Ghafla mto umeacha kuwa na "uchafuzi wa kiwango fulani" na umeanza kuonyesha idadi ya watu ambao maji yao ya kufulia hayana pa kwenda. Mpangaji wa mabomba anaweza kuifanyia kazi tarakimu hiyo. Ukipima juu na chini ya kila kijito kinachoingia, unajua ni bonde lipi linaloongoza, na bomba la kwanza lipelekwe wapi.

Kisheria hakuna kinachozuia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazipa bodi za mabonde kazi ya kutoa vibali vya kumwaga majitaka na kufuatilia ubora wa maji, na Msimbazi uko chini ya Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Baraza la taifa la mazingira, NEMC, lina viwango na wakaguzi. Shida ya vibali ni kwamba vinamhusu mwenye bomba, na mtaro hauna mwenyewe. Ukifuatilia wenye vibali peke yao, utafanya kazi kwa bidii mwaka mzima na usiguse sehemu kubwa ya sabuni iliyoingia mtoni. Kwa hiyo naomba ratiba za upimaji ziwe na vituo vya mtoni vyenye uzito sawa na vituo vya mitamboni: oksijeni, ujazo na methilini buluu, asubuhi ya kufua na siku ya kazi, kiangazi na masika, na mashapo ya mdomoni mara moja kwa mwaka.

Kuna ushahidi mmoja zaidi ambao nchi tayari inao na haujatiwa kwenye hesabu hii. Salfoniki inayoingia kama kemikali ya viwandani inapita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, inayotaka usajili na vibali. Tani zilizoingia, ukizijumlisha na LAS iliyomo kwenye sabuni zilizotengenezwa tayari na kuondoa zinazouzwa nje, ni makadirio ya kile tunachokimwaga, maana hakuna anayeihifadhi sabuni kabatini milele. Gawanya kwa idadi ya watu na utapata gramu za kwetu kwa mtu kwa siku, badala ya zile za Ulaya nilizoziazima hapo juu. Weka kando yake mzigo uliopimwa ukiingia katika mabwawa ya Vingunguti na kwingineko, weka mzigo uliopimwa Msimbazi, kisha tazama pengo linalobaki kati ya hizo tarakimu tatu. Kazi hiyo inahitaji ofisi tatu kupeana takwimu na maabara moja yenye faneli safi, na inaweza kuanza kiangazi kijacho.